Siagi Kwenye Kichwa cha Mzee Mogaka

Siagi niliitoa mimi, kwa hiyo asije mtu akaniambia habari hii sikuielewa. Siagi yote iliyopakwa vichwani mwa watoto wa Kambi Saba mwaka ule wa sitini na nane ilitoka kwa ng'ombe wangu, na kama ningekuwa mtu wa tamaa ningefunga mdomo nikaendelea kutikisa kibuyu. Lakini mimi ni Priscah, mke wa Kiplangat, na kunyamaza sikuumbiwa.

Kishamba chetu cha chai kilipakana na shamba kubwa la kampuni, upande wa barabara inayokwenda Kedowa. Kati yetu na kambi palikuwa na kijito tu. Wachuma chai wa ng'ambo wengi wao walikuwa Wakisii, watu waliohamia na mabibi zao, watoto wao na kitabu cha nyimbo. Nyumba zao zilikuwa safu mbili, ya juu na ya chini, na katikati kilisimama kiwanda. Kiwanda hicho kilipochekecha chai kilitoa unyoya, yaani vumbi la nyuzinyuzi za kahawia, jepesi kiasi kwamba halikujua kuanguka. Liliingia kwenye ugali, likakaa kwenye kope, likalala na watu kitandani. Wenye kambi walikuwa wamelizoea hata hawalioni tena. Mimi nilipovuka kijito nilifunika mtungi wangu wa maziwa kwa kitambaa, nao wakasema nina maringo.

Rafiki yangu kule alikuwa Yunia. Mumewe, Joab, alikuwa mchochea moto wa tanuri la kiwanda hadi kifua kilipomshinda, akafa mwaka mmoja kabla ya haya. Yunia akabaki kambini kwa sababu mwanawe wa pekee, Kebaso, naye alikuwa ameandikwa kazi palepale. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mpole, mwenye ukaidi wa punda. Ukimwambia kitu hakiwezekani, anaitikia "ndiyo", halafu anakwenda kukifanya.

Baridi ya kwetu huko mnaisikia tu redioni. Mama anaingia kwenye chai kabla ukungu haujaondoka, mtoto anaachwa kwenye nyumba ya kulelea watoto, na saa za alasiri mvua ya mawe inapiga mabati kama mtu anayedai chake. Yunia aliwahurumia watoto. Dereva mmoja wa lori alimletea kutoka Kericho mjini gunia la mabaki ya nyuzi za sufu, yale masalio ya mwanamke mwenye mashine ya kufuma sweta za shule. Yunia alikata spoku ya baiskeli ya marehemu, akaikunja ncha kwa koleo ikawa kulabu, akaanza kuwafumia watoto boshori, kofia za sufu za kufunika masikio. Mabaki ni mabaki, huchagui rangi: kijani cha shule hii, maruni ya shule ile, mstari wa manjano pale uzi ulipokatikia. Kuna watoto waliovaa shule tatu kabla hawajaota jino. Walipendeza. Nasema hivi mimi ambaye sisifu ovyo.

Nyumba ya kulelea watoto ilikuwa chini ya Bilhah. Bilhah alikuwa mwanamke mwenye sauti, na tena alikuwa mama mzazi wa Phelis, mke wa Kebaso. Kwa hiyo yeye na Yunia walikuwa wakwe, na Phelis alikuwa na mimba kubwa. Kila asubuhi Bilhah aliwapaka watoto siagi utosini, maana siagi hulainisha utosi, kisha akawavika boshori za Yunia. Siku moja mchana akawavua ili wapigwe na jua kidogo. Akaona kwenye kila utosi nyuzi ndogondogo, za maruni na kijani, zimenata.

Mimi ningesema, sufu imenyonyoka ikashikwa na siagi, ningefuta, ningeendelea na kazi. Lakini Bilhah alilelewa na bibi yake, na bibi yake alimfundisha kwamba kuna watu wenye jicho. Mtu wa jicho akimtazama mtoto mchanga, vitu vidogo vilivyo karibu, makapi, nyuzi, mavumbi, vinamrukia mtoto vinanata kwenye ngozi, kisha vinaingia ndani polepole mpaka mtoto anaugua. Hata kwetu Wakipsigis jicho lipo, sikatai. Ila kwao dawa yake ni siagi: unampaka mtoto, unamsugua, vitu vinatoka.

Basi Bilhah akaongeza siagi. Siagi ilipoongezeka, nyuzi nazo zikaongezeka. Nyuzi zilipoongezeka, akatuma niletewe habari kwamba kibuyu kimoja hakitoshi. Na katikati ya kusugua akajiuliza ni nani kambini anayetazama vichwa vya watoto kuliko wengine wote. Jibu lilikuwa limekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, na kamba ya kupimia vichwa shingoni.

Lisemwalo lipo, walisema wanawake kisimani. Nikawaambia hata upumbavu nao upo, na haujawahi kuhitaji kusemwa. Hawakucheka.

Wiki ileile Phelis akajifungua mtoto wa kiume. Wakisii mtu akifa hawamwachi apotee, wanampa mtoto jina lake, na mtoto akaitwa Joab. Kebaso alikuja mwenyewe mpaka kwetu kuchukua maziwa ya mzazi, akilia na kucheka kwa zamu. Lakini kabla Yunia hajafika na uji wake, Bilhah alikuwa amempeleka binti yake na mtoto nyumbani kwake safu ya juu na kubana mlango. Alimtumia Yunia ujumbe wa adabu kabisa: uji wake umepokewa, asante, ila macho yake abaki nayo huko chini.

Mtauliza Kebaso alikuwa wapi. Alikuwepo. Aliweza kubeba magunia mawili ya chai kwa mpigo, lakini kwao mwanamume hapandishi sauti mbele ya mama mkwe, hata kumtazama usoni ni shida. Alisimama nje ya mlango wa Bilhah ameshika kofia, akakohoa, akarudi. Kesho yake akaenda kukohoa tena.

Nilimkuta Yunia amekaa kitandani, boshori ya maruni imekamilika mkononi. Nikamwambia twende wote wawili tukaung'oe ule mlango. Nilikuwa na hasira ya kutosha bawaba zote.

"Priscah," akasema, "na kama ni kweli?"

Nikamuuliza kweli gani.

"Mtu hajui macho yake. Mimi naona na haya macho, lakini sijawahi kuyaona. Kama ni kweli, nimwangalie Joab afe tena?"

Hapo mlango nikausahau. Moyo uliniuma. Mwanamke huyu alimzika mume, mume amerudi na jina lake, yuko safu ya juu anatoa machozi ya njaa, na yeye anaogopa kumwona.

Na kwa kuwa alikuwa Yunia, hakuishia kulia. Alijifumia boshori yake mwenyewe, ndefu, yenye rangi zote za gunia, iliyoshuka mpaka kidevuni bila tundu la macho. Akawa anatembea nayo imekunjwa juu ya paji. Akisikia sauti ya mtoto tu, anaivuta chini mpaka kidevuni na kusimama tuli hapohapo, awe njiani, awe kwenye bomba la maji, mpaka mtu amwambie mtoto amepita. Msimamizi mmoja mgeni alimkuta hivyo kando ya barabara akampa salamu, na alipoitikiwa na kofia akashuka kwenye baiskeli akaisukuma mpaka kiwandani.

Mngedhani boshori zingeisha hapo. Thubutu. Ilikuwa Julai, baridi ya kuvunja meno, na akina mama walimwogopa Yunia lakini walizitaka boshori zake. Shida ikawa vipimo. Atapimaje kichwa asichoruhusiwa kukitazama? Sellah, jirani yake, mwenye mtoto aitwaye Tecla, ndiye aliyepata akili. Akaenda bustanini akachuma kabeji iliyolingana na kichwa cha Tecla, akampelekea Yunia aipime.

Bilhah aliposikia akakataa. Akasema kabeji ile imekuja badala ya mtoto, kwa hiyo ikiangaliwa kabeji ameangaliwa mtoto. Wanawake wakaona lina mantiki. Ndipo nilipomkuta Sellah njiani, mvua inanyesha, amebeba kabeji mgongoni kwa leso, ameifunika uso, anaitingisha isilie. Sitii chumvi: aliitingisha. Nilimfunulia leso nikaona kabeji imepakwa siagi. Siagi yangu, niliyotikisa mpaka bega likateguka.

Yunia alipima kabeji za kambi nzima akiwa amejifunika, kwa vidole. Boshori zikatoka, zikazitosha kabeji vizuri sana, watoto zikawapwaya. Mama mmoja aliyeleta malenge alirudishiwa kofia ya kumtosha baba. Na kwa kuwa kabeji zenyewe zilishahesabiwa kama watoto, hakuna aliyethubutu kuzipika. Zilipangwa madirishani na boshori zao, zikinyauka taratibu. Nikipita na mtungi wangu zilikuwa zinanitazama njia nzima.

Siku zikapita, mtoto Joab akaanza kucheka, bibi yake akihadithiwa. Phelis alikuwa analia ndani, Kebaso anakohoa nje. Mwishowe Kebaso alikwenda kwa Mzee Mogaka, mzee wa kanisa, mtu wa haki mwenye upara kama yai, akamwomba aamue.

Mzee Mogaka alifikiri sana. Kisha akatangaza uamuzi mbele ya wote.

"Kanisa haiamini mambo ya jicho," akasema. "Lakini kama iko, ipimwe vizuri."

Akasema hawezi kuhatarisha mtoto wa mtu. Atajitoa yeye. Atapakwa siagi kwenye upara, Yunia atauangalia kwa muda wa wimbo mmoja mzima, na kama kitu kitanata, itajulikana. Kama hakuna, Yunia atampakata mjukuu wake siku hiyohiyo. Tulikutana siku ya mapumziko, alasiri, kwenye banda la kupimia majani, kwa sababu mvua ya kwetu haijui mapumziko na banda lilikuwa na paa. Kiwanda nacho hakikupumzika, majani ya jana yalikuwa mengi. Banda liligusana nacho ukuta kwa ukuta, na upepo ulipita kutoka kule kuja huku.

Mimi ndiye niliyempaka. Upara ule ulikula siagi nyingi kuliko watoto wanne. Mzee Mogaka alikaa kwenye mizani ya majani, mikono magotini, macho amefumba kwa maombi. Yunia akaletwa mbele yake. Akakunja boshori yake juu, akaanza kuangalia. Watu wakaimba. Walichagua wimbo mrefu kuliko zote, na kwa haki wakarudia kiitikio kila mara.

Kufika ubeti wa pili upara ulikuwa na madoa. Kufika wa mwisho ulikuwa na manyoya. Unyoya wa chai ulikuwa umeshuka kimya kimya ukanata kila mahali, Mzee Mogaka akawa na nywele za kahawia kama ndama wa jana. Banda zima likaguna. Yunia aliona. Akashusha boshori yake mpaka kidevuni, na mabega yakaanza kutikisika ndani ya zile rangi zote.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Mimi naujua unyoya ule, nimeutoa kwenye maziwa yangu miaka na miaka. Nikawaambia hiyo ni chai. Wakanitazama kwa huruma. Wakasema bila shaka ni chai, chai ndiyo iliyokuwa karibu, jicho huita kilicho karibu. Ubishi wa namna hiyo hauvunjiki kwa maneno. Nikachukua kitambaa cha mtungi nikamfuta Mzee Mogaka, nikampaka upya siagi ya kibuyuni.

"Sasa Bilhah aangalie," nikasema. "Wimbo ileile."

Bilhah alisonya. Lakini Mzee Mogaka, akiwa bado amefumba macho, alisema haki ni haki. Bilhah akasimama mbele ya upara amekunja mikono, kidevu juu, akaangalia kama mtu anayeangalia mlango wa nyumba yake. Watu wakaimba. Unyoya ukashuka. Nyani haoni kundule, lakini siku ile Bilhah alikiona kila kitu. Mikono yake ilikunjuka yenyewe.

Basi ikawa vurugu. Kila mtu akataka kupimwa. Sellah aliangalia, ukanata. Kebaso aliangalia, ukanata. Kiplangat wangu, aliyekuja kunitafuta kwa ajili ya kukamua, aliangalia kwa bahati mbaya tu alipoingia, na ukanata. Atuti, karani wa mizani, kijana msomi, akasema tunakosea, lazima kuwe na kichwa kisichoangaliwa na mtu yeyote, ndipo tulinganishe. Tukaona ni maneno ya shule. Akakubali kunyolewa yeye. Tukampaka, tukamkalisha nyuma ya lundo la magunia, sisi sote tukageukia ukutani, tukaimba.

Tulipomaliza, Mzee Mogaka akauliza kwa sauti kama kuna kitu kimenata.

"Sijui," akajibu Atuti kutoka nyuma ya magunia. "Mimi siwezi kuona kichwa yangu."

Na hakuna aliyeweza kwenda kumtazama, maana akitazamwa tu kichwa kitakuwa kimeangaliwa. Tulisimama pale tukilifikiria jambo hilo. Atuti alikaa nyuma ya magunia mpaka jioni, na mpaka leo hakuna ajuaye matokeo.

Mzee Mogaka ndiye aliyeamua. Alisimama juu ya mizani, uso wake mzito, manyoya yake yakipeperuka, akasema jambo limedhihirika. Kambi nzima tuna jicho. Yeye pia, bila shaka, ila hajapata upara wa kuuangalia. Hata huyu mama wa maziwa na bwana wake wanalo.

Sikubisha. Nilikuwa nimechoka, na ng'ombe walikuwa wanalia.

Bilhah alikaa chini sakafuni. Sauti yake yote ilikuwa imekwisha. Akauliza, nani sasa atawaangalia watoto kesho asubuhi? Miaka yote amewashika, akawaogesha, akawatazama mmoja mmoja usingizini kuhakikisha wanapumua, na kumbe ni kwa macho haya. Akayaziba kwa viganja vyote viwili akalia kilio cha kweli. Nilikuja pale nikimtakia mabaya, na nikajikuta namwonea huruma kama dada yangu.

Yunia alimsikia. Akapapasa akamfikia, bado amejifunika, akakaa sakafuni kando yake.

"Mong'ina," akamwambia taratibu, ndivyo waitavyo mama wa heshima, "wamekua. Wote uliwaangalia, na wamekua."

Bilhah akavuta kamasi, akatoa viganja usoni. Kisha akapiga kelele kwa ile sauti yake ya zamani, akimwambia Phelis anasubiri nini, alete mtoto.

Phelis alikuwa amesimama mlangoni mwa banda tangu wimbo wa kwanza, mtoto ndani ya leso. Akaja akampakatisha Yunia. Boshori ya maruni ilikuwa mfukoni mwa Yunia tangu siku ile ya uji. Akampapasa mtoto kichwa chote kwa vidole, utosi, masikio, kisogo, kisha akamvika. Hii hakuipima kwa kabeji, aliifuma kwa kukumbuka kichwa cha Kebaso alipokuwa mchanga, na kumbukumbu ya mama huongeza kidogo. Boshori ikamshuka Joab mpaka kidevuni.

Wakakaa hivyo, bibi na mjukuu, kila mmoja ndani ya kofia yake. Hata Kebaso aliacha kukohoa.

"Mama," akasema Phelis, "mwangalie."

Yunia alimkunjia mtoto boshori kwanza, mkunjo mmoja, halafu mwingine, mpaka macho yakatokea. Macho makubwa, meusi, ya mtu aliyeamshwa. Kisha akakunja yake.

"Mzee," akamwambia mtoto, kama alivyomwita marehemu, "niangalie na wewe."

Joab akamwangalia. Waliangaliana muda mrefu, hakuna aliyeimba. Unyoya mmoja wa chai ulishuka kutoka kwenye paa, ukazunguka, ukamtua mtoto juu ya nyusi, ukanata. Tuliuona sote. Hakuna aliyeutoa.